Namna ya kuchimbua imani za zama ndani ya tanzia, mfano ukiwa Macbeth

"Wakati huo watu waliamini uchawi." Sentensi hii nimekutana nayo mara nyingi mno katika insha kuhusu Macbeth, na zamani niliiandika mimi mwenyewe nikadhani kazi imekwisha. Si ya uongo. Ila unaweza kuibandika kwenye tamthilia yoyote yenye mchawi, na ukishaiandika huna pa kwenda. Nani aliyeamini? Mchawi aliaminika kuweza nini, na kushindwa nini? Nani alibisha? Na mtunzi alipoichukua imani hiyo akaipandisha jukwaani, aliipokea kama ilivyo au aliibana mbavu?

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuivuka sentensi ile. Mfano ni mmoja tu, Macbeth ya William Shakespeare, kwa sababu tatu za kivivu: ndiyo fupi kuliko tanzia zake zote (tanzia ni tamthilia ya msiba), zama zake zimeacha maandishi tele, na mfalme wa wakati huo alikuwa mwandishi, kwa hiyo tunajua alichoamini kwa kalamu yake mwenyewe. Hatua zenyewe utazitumia kwa tanzia nyingine yoyote.

Kwa asiyeikumbuka hadithi: Macbeth, jemadari wa Uskoti, anakutana nyikani na wachawi watatu, akiwa na mwenzake Banquo. Wanamtabiria kuwa atakuwa mfalme. Banquo wanamwambia hatatawala, ila uzao wake utatawala. Macbeth, akisukumwa na mkewe, anamuua Mfalme Duncan aliyelala kwao kama mgeni, anatwaa kiti, anaagiza Banquo auawe, kisha anaendelea kuua kila anayemtia shaka. Mke anavurugika akili na kufa. Mwishoni Macduff, ambaye mke na watoto wake wamechinjwa, anarudi jukwaani na kichwa cha Macbeth mkononi.

Hatua ya 1: Andika tarehe mbili, si moja

Tanzia inayosimulia historia ina zama mbili: zile inazozisimulia na zile ilizoandikiwa. Macbeth wa historia alitawala Uskoti tangu 1040 hadi 1057. Macbeth wa jukwaani ni wa London ya mwaka 1606 hivi. Kati yao kuna zaidi ya miaka 550, na kosa la kwanza ni kudai kwamba tamthilia inatuonyesha imani za Waskoti wa karne ya 11. Katika Uskoti ile ya kale ufalme haukushuka moja kwa moja kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Ndugu wa ukoo walipokezana na kunyang'anyana. Mtazamaji wa London alitoka katika nchi ambako mwana wa kwanza ndiye mrithi na hakuna mjadala. Ndiyo maana Duncan anapomtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi, hakuna mtu jukwaani anayesema desturi imekiukwa. Anayekereka ni Macbeth peke yake, na anakereka kimoyomoyo.

Ukishaipata tarehe ya kuandikwa, orodhesha yaliyotokea miaka mitatu minne kabla yake. Hapa orodha inajiandika. Machi 1603 Malkia Elizabeth wa Kwanza anafariki bila mtoto, na James wa Sita wa Uskoti anakuwa pia James wa Kwanza wa Uingereza. Mei mwaka huohuo kundi la waigizaji la Shakespeare linachukuliwa na mfalme mpya na kuitwa Watu wa Mfalme. 1604 Bunge linatunga sheria kali mpya dhidi ya uchawi. Tarehe 5 Novemba 1605 Guy Fawkes, mmoja wa Wakatoliki waliokula njama, anakamatwa chini ya jengo la Bunge akilinda mapipa 36 ya baruti yaliyokusudiwa kumlipua mfalme pamoja na wabunge wake. Masika ya 1606 kesi za njama hiyo bado ziko midomoni mwa watu.

Sasa itazame tamthilia upya: hadithi ya kuuawa kwa mfalme wa Uskoti, ikichezwa na kundi la mfalme Mskoti aliyenusurika kuuawa juzijuzi. Hujasoma hata mstari mmoja na tayari umejua kwa nini ukumbi ungekaa kimya.

Hatua ya 2: Weka alama pale ambapo hakuna anayeuliza

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Watu wengi hutafuta imani za zama katika hotuba ndefu, mahali mhusika anaposimama na kutangaza anachoamini. Lakini anayehubiri jambo anajua kuna wasiolikubali. Imani iliyozama kweli haijitetei. Hupita tu, kama mtu anayepita sebuleni kwake bila kubisha hodi.

Fungua Tendo la Pili, Onyesho la Nne. Ni siku baada ya mauaji. Ross, mmoja wa mabwana wa Uskoti, anazungumza nje na mzee asiye na jina. Mzee anasema ana kumbukumbu za miaka 70, ameona saa za kutisha na mambo ya ajabu, ila usiku uliopita umeyafanya yote kuwa mchezo. Ross anamwonyesha mbingu: kwa saa ni mchana, lakini giza limeinyonga taa ya angani. Mzee anaongeza kuwa Jumanne iliyopita bundi, ndege wa kuwinda panya, alimvamia kozi aliyekuwa juu kabisa angani akamuua. Ross naye ana lake: farasi wa Duncan, wazuri na wepesi, walivunja mabanda wakakimbia kana kwamba wametangaza vita na binadamu. Mzee anasema inasemekana walilana. Ross anajibu kuwa ndiyo, aliwaona kwa macho yake.

Angalia kisichosemwa. Hakuna anayeuliza, "Farasi wanahusikaje na kifo cha mfalme?" Wanaogopa, wanastaajabu, lakini uhusiano wenyewe hawauhoji. Kwao ulimwengu ulikuwa kitu kimoja kilichopangwa ngazi kwa ngazi na Mungu: malaika, mfalme, bwana, mtumishi, farasi, bundi. Mfalme alikuwa juu ya watu kama kozi alivyo juu ya ndege na jua lilivyo juu ya nyota. Ukiing'oa ngazi moja, nyingine zinatetereka. Kwa hiyo bundi kumuua kozi hakukuwa fumbo la kishairi tu. Lilikuwa tukio lile lile la Macbeth na Duncan, likijirudia huko angani.

Kwa vitendo, fanya hivi: soma tamthilia mara ya pili na kalamu ya rangi. Kila wewe unapojiuliza "kwa nini?" na mhusika hajiulizi, piga mstari. Ukimaliza utakuwa na mistari kumi au ishirini, na hiyo ndiyo ramani yako ya imani.

Hatua ya 3: Zitafute kanuni za imani hiyo

Imani ya watu wengi haiwi fujo. Ina masharti: hili linawezekana, lile haliwezekani. Msomaji wa leo akiona mchawi jukwaani anadhani kila kitu kinaruhusiwa, kumbe mtazamaji wa 1606 alijua mipaka.

Tendo la Kwanza, Onyesho la Tatu. Kabla Macbeth hajafika, mchawi wa kwanza anawasimulia wenzake kisa. Mke wa baharia alikuwa amekaa anatafuna njugu zilizojaa mapajani. Mchawi akaomba. Mwanamke akamfukuza. Mume wake amesafiri kwenda Aleppo, ni nahodha wa jahazi liitwalo Tiger. Mchawi anaapa kumfuata akisafiri ndani ya chekecheke, amkaushe kama nyasi, amnyime usingizi wiki tisa mara tisa. Kisha anasema kauli ambayo wengi huipita mbio: jahazi lake haliwezi kupotea, lakini litarushwarushwa na tufani.

Haliwezi kupotea. Kwa nini mchawi akiri udhaifu wake mbele ya wenzake? Kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa elimu ya dini ya wakati huo: shetani na watumishi wake hufanya kile tu Mungu anachowaachia. Wanaweza kutesa na kudanganya, wanaweza kukutia majaribuni, lakini roho yako hawaimalizi bila wewe mwenyewe kufungua mlango. Kisa hiki kidogo cha njugu kimewekwa mbele ya utabiri wa Macbeth kwa makusudi. Mtazamaji ameshaambiwa kanuni. Macbeth anapoingia, tunajua kuwa wachawi hawa hawawezi kumzamisha. Wanaweza kumrusharusha tu.

Na lile chekecheke si la kubuni. Mwaka 1589 James alivuka bahari kumfuata bibi arusi wake Anne wa Denmaki, na tufani kubwa zilivuruga safari za pande zote mbili. Aliporudi, watu wa eneo la North Berwick, Uskoti, walishtakiwa mwaka 1590 na 1591 kuwa walizichochea tufani hizo kwa uchawi ili wamuue. Kijitabu cha 1591 kilichosimulia kesi hizo kinasema wachawi walivuka maji ndani ya machekecheke. Kinasema pia kwamba mmoja wa washtakiwa, Agnes Sampson, alipokuwa akihojiwa mbele ya mfalme, James aliwaita wote waongo, hadi mwanamke huyo alipomsogelea na kumnong'oneza maneno ambayo James na mkewe waliambiana usiku wa kwanza wa ndoa. Maungamo hayo yalitolewa chini ya mateso. Usiyasome kama habari, yasome kama kumbukumbu ya kile ambacho wahoji walitaka kusikia. James aliyachukulia kwa uzito wote. Mwaka 1597 alichapisha kitabu chake kuhusu mapepo na uchawi, kiitwacho Daemonologie, kilichoandikwa kwa mfumo wa mazungumzo kati ya mwenye shaka na mwenye hoja.

Hapa kuna mtego. Ukishaona kitabu cha mfalme, utataka kuandika "Waingereza wote waliamini hivi." Subiri. James alikiandika kitabu kile kumjibu mtu, na mmoja wa aliowajibu ni Mwingereza Reginald Scot, ambaye mwaka 1584 alitoa kitabu kikubwa akidai kuwa wengi wanaoitwa wachawi ni vikongwe maskini, na kwamba miujiza yao mingi ni kiini macho. Zama haziwi na imani moja. Huwa na ugomvi mmoja mkubwa, na tanzia huja kukaa katikati yake. Katika tamthilia yenyewe Banquo anatoa msimamo wa tahadhari: mara nyingi vyombo vya giza hutuambia kweli ndogondogo ili vitusaliti katika jambo zito. Macbeth amesimama hapo hapo na hasikii.

Hatua ya 4: Laza chanzo kando ya tamthilia

Kama mtunzi alichukua hadithi mahali, tafuta alichokibadilisha. Alichokinakili kinaweza kuwa uvivu, lakini alichokibadilisha kina sababu, na sababu mara nyingi ni imani au hofu ya wakati wake.

Shakespeare alichota kwenye habari za kale za wafalme zilizokusanywa na Raphael Holinshed, zilizochapwa 1577 na kupanuliwa 1587. Humo Duncan ni mfalme kijana, laini kupita kiasi, asiyejua kuadhibu. Macbeth anamuua akiwa na washirika, kisha anatawala kwa haki na sheria nzuri kwa miaka kumi kabla hajageuka katili. Shakespeare amemfanya Duncan mzee mwenye heshima na miaka kumi ile akaifuta kabisa. Mwuaji wa mfalme hakuruhusiwa kuwa mtawala mzuri hata kwa siku moja ya jukwaani.

Mabadiliko makubwa zaidi ni Banquo. Kwa Holinshed, Banquo ndiye wa kwanza kati ya rafiki wa Macbeth walioahidi kumsaidia kumuua Duncan. Kwenye tamthilia mikono yake ni misafi. Sababu haihitaji mpelelezi: ukoo wa James, akina Stuart, ulidai kuwa Banquo ni babu yao. Huwezi kumwonyesha mfalme kwamba babu yake alikuwa mshirika wa mauaji ya mfalme. (Jambo la kuchekesha ni kwamba Banquo mwenyewe hakuwahi kuishi. Anaonekana kwa mara ya kwanza katika historia ya Uskoti aliyoiandika Hector Boece mwaka 1527.)

Na wale farasi? Kwa Holinshed hawamhusu Duncan. Wanatajwa baada ya kuuawa kwa mfalme mwingine, Duff, aliyeuawa usiku kitandani na mwenyeji wake Donwald, ambaye alichochewa na mkewe. Shakespeare ameyavuta mauaji ya Duff na ishara zake akayaweka juu ya Duncan. Alihitaji ulimwengu ulie, na hadithi ya Duncan ilikuwa haina machozi ya kutosha.

Hatua ya 5: Usiruke vichekesho

Wengi huruka onyesho la bawabu kwa kuwa amelewa na anasema upuuzi. Duncan ameshauawa, mlango unagongwa, na bawabu anajifanya mlinda lango la jehanamu akiwakaribisha wageni. Anamkaribisha mkulima aliyejinyonga. Kisha anamkaribisha mtu wa ndimi mbili, aliyeweza kuapa upande wowote wa mizani dhidi ya upande mwingine, aliyefanya uhaini wa kutosha kwa jina la Mungu, lakini akashindwa kuutumia ulimi wake kuingilia mbinguni.

Kwa watu wa London kicheko hicho kilikuwa na jina. Henry Garnet, mkuu wa Wajesuiti (shirika la mapadre wa Kikatoliki) nchini Uingereza, alishtakiwa Machi 1606 kwa kuijua njama ya baruti na kunyongwa tarehe 3 Mei. Kesini lilizuka suala la fundisho kwamba Mkatoliki anayehojiwa anaweza kutoa kauli yenye maana mbili bila kuhesabiwa kuwa amesema uongo. Na mojawapo ya majina ya kujificha aliyoyatumia Garnet ni Farmer, yaani Mkulima.

Sasa fuatilia uzi huu hadi mwisho. Mizuka ambayo wachawi wameiita inamwambia Macbeth kuwa hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, na kwamba hatashindwa mpaka msitu wa Birnam umfuate mlimani Dunsinane. Askari wanakata matawi na kutembea nayo. Macduff alitolewa tumboni mwa mama yake kwa kupasuliwa. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilikuwa mtego, na Macbeth mwenyewe anapoambiwa kuwa msitu unakuja, analitaja lile lile neno la bawabu: ameanza kuzishuku ndimi mbili za shetani anayedanganya kwa kusema kweli. Hofu ya mwaka mmoja wa siasa za London imegeuzwa kuwa mashine inayomuua shujaa. Aliyeruka mlevi wa mlangoni hawezi kuliona hilo.

Ukiwa hapo, uliza pia nini hakikuruhusiwa. Tamthilia zilipitia kwa ofisa wa mfalme kabla ya kuchezwa, na sheria ya Mei 1606 iliweka faini ya pauni 10 kwa kutaja kwa mzaha jina la Mungu au la Kristo jukwaani. Ukimya mwingine wa mtunzi ni wa kulazimishwa, usiuhesabu kuwa imani.

Hatua ya 6: Pitia mwili

Hii ni fupi. Orodhesha maneno ya damu, maziwa, nyongo, usingizi. Tabibu wa wakati ule alifundishwa kuwa mwili una majimaji manne (damu, kohozi, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi) na kwamba tabia ya mtu ni mchanganyiko wake. Kwa hiyo mke wa Macbeth anapowaita pepo wamwondolee uanauke, wafanye damu yake iwe nzito na wachukue maziwa yake waweke nyongo, anatoa maelezo ya kitabibu. Anataka njia ya huruma izibwe mwilini. Na baadaye tabibu anapomtazama akitembea usingizini, anasema mgonjwa huyu anamhitaji kasisi kuliko daktari. Ugonjwa na dhambi vilikaa nyumba moja.

Katika Tendo la Nne kuna kinyume chake. Tunasikia kuwa mfalme wa Uingereza, Edward Mwungamaji, anaponya kwa kugusa wenye uvimbe wa tezi za shingo, akiwavika sarafu ya dhahabu shingoni, na kwamba baraka hiyo anawaachia wafalme watakaomfuata. James mwenyewe aliiona desturi hiyo inanuka ushirikina, hata hivyo aliiendeleza. Uskoti inaugua chini ya Macbeth, na ng'ambo ya mpaka mkono wa mfalme halali unaponya.

Hatua ya 7: Utafute ufa

Ukikomea hapo juu, utakuwa umeonyesha kuwa tamthilia ni kioo. Sikubaliani kabisa na neno hilo. Kioo hakina mawazo. Tanzia kubwa huichukua imani ya zama zake na kuisukuma mpaka inapolia, na kazi yako ni kutafuta pale inapolia.

Ufa wa kwanza: wachawi hawakumwambia Macbeth aue mtu. Rudia maneno yao. Hakuna hata neno moja la kuua. Walimwambia atakuwa mfalme. Kisu kilitoka kichwani mwake. Kwa hiyo hata ukimwondolea mtazamaji imani yote ya uchawi, hatia inabaki palepale.

Ufa wa pili ni mzito, na unastahili nusu ya insha yako. Macduff anapoukuta mwili wa Duncan anapiga kelele kuwa mauaji ya kufuru yamelivunja hekalu la Mungu lililotiwa mafuta. Hiyo ndiyo imani rasmi: mwili wa mfalme ni patakatifu. Vizuri. Lakini Macbeth naye alikwenda Scone akatawazwa. Naye ni mfalme. James, katika kitabu cha 1598 kuhusu haki za wafalme, alisema raia wanapaswa kumvumilia hata mfalme mwovu, wakimwombea na kumwachia Mungu amhukumu. Tamthilia inafanya nini? Inamleta Malcolm na askari 10,000 kutoka Uingereza, inampa Macduff upanga, na inamaliza kwa kichwa cha mtu aliyetawazwa kikiletwa jukwaani huku watu wakishangilia mfalme mpya.

Shakespeare alijua hatari hiyo, ndiyo maana kadiri mwisho unavyokaribia wapinzani wa Macbeth hawamwiti mfalme. Wanamwita dhalimu. Neno limebadilishwa ili upanga upite. Lakini mtazamaji mwenye macho alibaki na swali: nani anayeamua lini mfalme amekuwa dhalimu? Mwaka 1649, miaka 43 baadaye, mwana wa James, Charles wa Kwanza, alikatwa kichwa hadharani London, na mashtaka yake yalimwita dhalimu. Sisemi tamthilia ilisababisha hilo. Nasema ufa ulikuwepo, na jukwaa liliuonyesha mapema.

Hatua ya 8: Angalia wajukuu walibadilisha nini

Njia ya haraka ya kujua imani imekufa ni kuona inachezewa. Katika miaka ya 1660, majumba ya michezo yalipofunguliwa tena, William Davenant aliitengeneza Macbeth upya akawapa wachawi nyimbo, ngoma na mitambo ya kuwarusha hewani. Samuel Pepys aliitazama Januari 1667 na akaandika katika shajara yake kuwa ni bora hasa kwa burudani yake, ingawa ni tanzia nzito. Burudani! Ndani ya miaka 70 kile kilichomfanya mfalme atunge kitabu kimekuwa maonyesho ya kamba. Sheria ile ya 1604 nayo ilifutwa mwaka 1736.

Tahadhari moja: matini tuliyonayo ilichapwa mara ya kwanza 1623, miaka saba baada ya Shakespeare kufa, na sehemu za Hecate, malkia wa wachawi, zina nyimbo zilizotoka kwenye tamthilia ya Thomas Middleton. Usijenge hoja yako kuu juu ya Hecate.

Unapoandika sasa

Chukua jambo moja dogo na ulifungue, usitaje kumi. Linganisha. Aya mbaya: "Shakespeare anaakisi imani ya uchawi ya zama zake kwa kuwatumia wachawi watatu ambao wana nguvu nyingi." Aya inayosimama: "Mchawi anayejigamba kulisumbua jahazi la Tiger anakiri kuwa hawezi kulizamisha. Mipaka hiyo ndiyo waliyoifundisha wanazuoni wa dini wa wakati huo: nguvu za giza hujaribu, hazilazimishi. Kwa kuiweka kabla ya utabiri, mtunzi amembebesha Macbeth mzigo wake mwenyewe." Ya pili ni ndefu kidogo tu, lakini imetaja kipande, imani, na matumizi yake, kwa mpangilio huo.

Na kama kuna mtazamaji wa zama zile aliyeacha maandishi, msome kabla ya kumaliza. Kwa Macbeth tunaye mmoja. Simon Forman, tabibu na mnajimu, aliiona kwenye ukumbi wa Globe, London, Aprili, kwa kawaida husemwa 1611. Wale watatu wa nyikani hakuwaita wachawi. Aliandika kuwa walikuwa wanawake watatu, kama vizuka wa msituni. Sufuria ya wachawi inayochemka hakuitaja kabisa. Alitaja damu isiyotoka mikononi mwa Macbeth, na mzuka wa Banquo uliokuja kukaa kitini kwake karamuni. Sentensi yake ya mwisho, akiwa tabibu, ni ya kujikumbusha mwenyewe: aangalie jinsi malkia wa Macbeth alivyoamka usiku akatembea usingizini, akasema akaungama yote, na daktari akayaandika maneno yake.